Hajawahi kuugua malaria: Ana kinga, au hajang'atwa na mbu mwenye vimelea?

Kila inapokaribia Desemba, Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis hujaa familia zinazopeleka watoto kwa babu na bibi. Watoto wa Bunju, Tegeta, Mbagala na Chamazi wanakwenda Muheza, Lindi, Geita na Kigoma. Wiki mbili au tatu baadaye wapo wanaorudi wakiwa wanachemka, wanatapika, hawataki hata uji. Mzazi anashangaa: mbona binamu zake aliokuwa akilala nao chumba kimoja wako nje wanacheza?

Mshangao huo una jibu, na jibu lake ndilo ambalo watafiti wa Tanzania, Kenya na kwingineko wamekuwa wakilitafuta ndani ya tone la damu kwa zaidi ya miaka 60. Mtoto wa kijijini na binamu yake wa Dar es Salaam wanaweza kung'atwa na mbu mmoja usiku mmoja, lakini damu zao hazina historia moja. Mwili wa mmoja umeshakutana na malaria mara nyingi. Mwili wa mwingine unaiona kwa mara ya kwanza.

Makala hii inaeleza kinga hiyo inavyojengwa, kingamwili zinavyosaidia kutabiri nani atalindwa na nani hatalindwa, na kwa nini mzazi wa Kinondoni au Temeke hapaswi kuitegemea.

Kinga inayokuja polepole

Surua ukishaiugua, kwa kawaida huiugui tena. Malaria haiko hivyo. Mtu anaweza kuiugua mwezi huu na kuiugua tena miezi michache baadaye. Hata hivyo, kwenye maeneo yenye malaria nyingi kuna jambo linaloonekana wazi: watoto wadogo ndio wanaougua sana na kufa, watoto wakubwa wanaugua kidogo, na watu wazima wengi wanatembea na vimelea bila hata homa. Katika Afrika, takriban robo tatu ya vifo vyote vya malaria ni vya watoto walio chini ya miaka 5.

Daktari Mjerumani Robert Koch, aliyefanya kazi Dar es Salaam kati ya 1897 na 1898, aliliona jambo hili miaka michache baadaye akiwa New Guinea. Alipima damu za wanakijiji akakuta vimelea vimejaa kwa watoto, na kwa watu wazima ni vichache sana. Akahitimisha kwamba mwili hujifunza kupambana na malaria kadiri unavyoambukizwa.

Hujifunza hatua kwa hatua. Kwanza mtoto hupata kinga dhidi ya malaria kali, ile inayoleta degedege, upungufu mkubwa wa damu na kupoteza fahamu. Kisha, baada ya miaka kadhaa, hupata kinga dhidi ya homa ya kawaida ya malaria. Kinga ya kuzuia kabisa vimelea visiingie mwilini ni adimu, hata kwa mtu aliyezeeka kijijini.

Kinga hii ina gharama. Inajengwa kwa maambukizi ya mara kwa mara, na njiani watoto wengi hupoteza maisha. Hakuna mzazi anayeweza kuichagua kama njia ya kumlinda mwanawe.

Ushahidi kwamba siri imo kwenye damu

Kingamwili ni protini zinazotengenezwa na chembechembe nyeupe za damu kwa ajili ya kumtambua adui. Kila kingamwili hulenga umbo fulani, kama ufunguo na kitasa chake. Ikimpata adui, humzuia asifanye kazi au humwekea alama ili askari wengine wa mwili wammalize.

Mwaka 1961 Sydney Cohen, Ian McGregor na wenzao walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Gambia. Walichukua kingamwili kutoka kwenye damu za watu wazima walioishi na malaria maisha yao yote, wakawapa watoto wadogo waliokuwa wagonjwa. Ndani ya siku chache vimelea kwenye damu za watoto hao vilipungua sana. Baadaye kundi hilohilo lilionyesha kuwa kingamwili za watu wa Afrika Magharibi zinawasaidia pia wagonjwa wa Afrika Mashariki.

Tangu hapo swali likawa: ni kingamwili zipi hasa? Kimelea cha malaria kina jeni zaidi ya 5,000. Mwili wa mtu anayeishi na malaria hutengeneza kingamwili za aina nyingi mno, na nyingi kati ya hizo hazimlindi. Zinaonyesha tu kwamba kimelea kilipita.

Watoto wa Muheza walichotufundisha

Sehemu kubwa ya majibu imetoka hapa nchini. Kuanzia mwaka 2002, watafiti walianza kufuatilia mama na watoto waliozaliwa katika Hospitali Teule ya Muheza, mkoani Tanga, wakati huo eneo lenye malaria kali. Watoto walipimwa tangu kuzaliwa, wakapimwa tena na tena walipokuwa wazima na walipougua.

Mwaka 2014 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya watoto 882. Kati yao, 102 walipata malaria kali. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba wingi wa vimelea peke yake haukueleza nani atazidiwa. Watoto wengi walikuwa na vimelea vingi sana lakini wakaugua malaria ya kawaida tu. Kinga dhidi ya malaria kali ilikuja kabla mwili haujajifunza kupunguza idadi ya vimelea.

Kwa lugha ya mitaani, mtoto anayeambiwa ana "wadudu wengi" si lazima awe ndiye mgonjwa zaidi, na mwenye "wadudu wawili" asichukuliwe kuwa yuko salama. Kinachotakiwa kuangaliwa ni hali ya mtoto mwenyewe.

Damu za watoto hao hao zilisaidia kupata kingamwili mbili muhimu. Mwaka huohuo wa 2014, timu iliyoongozwa na Jonathan Kurtis wa Marekani ilieleza katika jarida la Science kuhusu protini ya kimelea inayoitwa PfSEA-1. Kimelea kinapozaliana ndani ya chembe nyekundu ya damu, lazima kiipasue ili kitoke na kuvamia nyingine. Kingamwili dhidi ya PfSEA-1 hukifungia ndani. Katika vipindi ambavyo watoto wa Muheza walikuwa na kingamwili hizo kwenye damu, hakuna hata mmoja aliyepata malaria kali.

Mwaka 2020 timu hiyo ilitangaza katika jarida la Nature protini nyingine, PfGARP, inayojitokeza juu ya chembe nyekundu iliyoambukizwa. Kingamwili ikiishika, kimelea kilichomo ndani hujiua chenyewe. Watoto wa Tanzania na vijana wa Kenya waliokuwa na kingamwili hizo walionekana kuwa na ulinzi zaidi kuliko wenzao.

Kwa nini aina moja haitoshi

Huko Kilifi, pwani ya Kenya, mwanasayansi Mkenya Faith Osier na wenzake walilitazama suala hili kwa namna nyingine. Badala ya kutafuta kingamwili moja ya ajabu, walipima nyingi kwa pamoja kwa watoto walewale. Matokeo waliyochapisha mwaka 2008 yalionyesha kwamba watoto wenye kingamwili za aina nyingi, tena kwa wingi, ndio walioepuka homa ya malaria. Mwenye aina moja au mbili, au mwenye nyingi lakini kidogo kidogo, hakulindwa vya kutosha.

Sababu inaeleweka ukikijua kimelea. Aina inayoua zaidi, falsiparamu, ina takriban jeni 60 za kutengeneza protini moja inayobandikwa juu ya chembe nyekundu. Hutumia moja kwa wakati mmoja. Mwili ukishaitambua, kimelea hubadili na kuvaa nyingine, kama mwizi anayebadili shati kila akifika mtaa mpya. Mtoto anayeambukizwa mara nyingi hujifunza mashati mengi. Mtoto wa Dar es Salaam hajaona hata moja.

Alama si ngao

Hapa ndipo wasomaji wengi hukwama: kama kingamwili zinalinda, si tupime watoto wetu tujue?

Tatizo ni kwamba kingamwili zina kazi mbili zinazoonekana sawa kwenye maabara. Zinaweza kuwa ngao. Zinaweza pia kuwa alama tu kwamba mtu alishaambukizwa, kama kovu la jeraha la zamani.

Watafiti waliitumia alama hiyo vizuri kaskazini mashariki mwa Tanzania. Mwaka 2005, Chris Drakeley na wenzake walichapisha utafiti wa vijiji vya Kilimanjaro, Upare na Usambara, kutoka tambarare hadi milimani. Walipima kingamwili za watu wa umri tofauti. Tambarare, hata watoto wadogo walikuwa nazo. Milimani, zilipatikana zaidi kwa watu wazima. Kwa kuangalia zinavyoongezeka na umri, waliweza kukadiria malaria iliyopo na hata iliyokuwepo miaka mingi nyuma, kwa sababu baadhi ya kingamwili hudumu mwilini muda mrefu sana.

Hiyo ni taarifa nzuri kwa wataalamu wanaopanga wapi wagawe vyandarua na dawa. Kwa mzazi mmoja mwenye mtoto mmoja, haitoshi. Mtu anaweza kubaki na alama kwa miaka huku ulinzi wenyewe ukiwa umeshapungua.

Kuna mtego mwingine. Mtafiti akifuatilia watoto 100 kwa mwaka mzima na 60 wasiugue, kati ya hao 60 wapo wenye kinga na wapo ambao hawakung'atwa na mbu mwenye vimelea. Ukiwaweka kundi moja, utapata jibu la uongo. Ndiyo maana tafiti hizi huhitaji kujua kwanza nani aliambukizwa. Njia moja ni ile iliyotumika Bagamoyo mwaka 2012 na baadaye Kilifi, ambapo watu wazima waliojitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi, kwa dozi inayojulikana, chini ya uangalizi wa karibu na kutibiwa mara moja.

Dar es Salaam, jiji la watoto wasio na kinga

Mtego huo ndio unaowahusu wakazi wa Kinondoni na Temeke. Dar es Salaam ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi madogo ya malaria Tanzania Bara. Kitaifa pia hali imebadilika: kiwango cha maambukizi kwa watoto chini ya miaka 5 kilikuwa asilimia 18 katika utafiti wa 2007/08, na kilikuwa asilimia 8 mwaka 2022.

Vyandarua vyenye dawa, dawa mseto, nyumba bora na ujenzi wa jiji vimechangia. Kuanzia mwaka 2004 mpango wa kudhibiti malaria mijini uliwatumia wakazi wenyewe kutafuta mazalia ya mbu katika kata 15 za Ilala, Kinondoni na Temeke, na mwaka 2006 ukaanza kunyunyizia dawa ya kibaiolojia ya kuua viluilui. Leo dawa za aina hiyo zinatengenezwa katika kiwanda cha Kibaha.

Lakini jiji halifanani. Bonde lenye maji yaliyotuama, bustani za mchicha na mifereji iliyoziba, vinaweza kuufanya mtaa mmoja uwe na mbu wa malaria wakati mtaa wa jirani hauna. Aidha, mbu wa malaria wa Dar es Salaam wamebainika kuuma pia nje ya nyumba, watu wanapokaa barazani kabla ya kuingia kwenye chandarua.

Kwa hiyo mtoto wa Tegeta mwenye miaka 8 ambaye hajawahi kuugua malaria, kwa uwezekano mkubwa hana kinga. Hajakutana nayo. Akipelekwa Kigoma, mwili wake ni sawa na wa mgeni aliyetoka Ulaya. Umri wake mkubwa haumsaidii, kwa sababu kinachojenga kinga hii zaidi ni maambukizi aliyoyapitia.

Mtu mzima aliyekulia kijijini kisha akahamia Mbagala miaka 10 iliyopita naye asijidanganye. Kinga ya malaria huhitaji kuchochewa. Ukikaa muda mrefu bila maambukizi, hupungua. Wapo wanaorudi kwao kwa msiba wakiamini miili yao imeshazoea, wakaishia kulazwa.

Mama mjamzito na mtoto mchanga

Ujauzito ni hali ya pekee. Kimelea hupata mahali papya pa kujificha, yaani kondo la nyuma, na huvaa protini ambayo mwili wa mama haujawahi kuiona. Hata mwanamke mwenye kinga nzuri huanza upya katika ujauzito wa kwanza. Katika maeneo yenye malaria nyingi, kingamwili dhidi ya protini hiyo huongezeka kwa kila ujauzito, ndiyo maana mimba ya kwanza huathirika zaidi. Kwa mwanamke wa Dar es Salaam, ambaye hajazoea malaria, kila mimba inaweza kuwa hatarini. Dawa za SP zinazotolewa kliniki kuanzia miezi mitatu ya ujauzito kutimia zisirukwe.

Mama humpitishia mtoto kingamwili zake kupitia kondo la nyuma. Hizo, pamoja na aina ya damu anayozaliwa nayo mtoto, humkinga kwa miezi michache ya mwanzo. Baada ya hapo ulinzi hupungua. Mama asiye na kinga hana cha kutosha cha kumpitishia.

Chanjo: kuiga kinga bila kuugua

Faida kubwa ya tafiti za kingamwili ni chanjo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza chanjo ya RTS,S Oktoba 2021 na ya R21 Oktoba 2023, kwa watoto wanaoishi maeneo yenye malaria. Bagamoyo na Korogwe zilishiriki majaribio ya RTS,S, na Bagamoyo ikashiriki ya R21. Chanjo hizi hulenga kimelea kinapoingia tu kutoka kwa mbu, kabla hakijafika kwenye ini. Kingamwili zake hupanda juu kisha hushuka, ndiyo sababu dozi ya nyongeza inahitajika.

Bagamoyo pia, Taasisi ya Afya Ifakara kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford ilijaribu chanjo nyingine, RH5, inayozuia kimelea kuingia kwenye chembe nyekundu. Watoto wachanga wa miezi 5 hadi 17 walitengeneza kingamwili nyingi kuliko watu wazima. Ni habari ya kutia moyo, lakini chanjo hiyo bado iko kwenye utafiti.

Maswali ambayo wazazi huuliza

*Naweza kupimwa kingamwili hospitalini nijue kama mtoto ana kinga?*
Hapana. Hakuna kipimo cha hospitali kinachoweza kukuambia kwamba mtoto wako hataugua malaria. Vipimo hivyo ni vya utafiti.

*Kipimo cha haraka cha malaria si kinapima kingamwili?*
Hapana. Kipimo cha haraka, mRDT, hutafuta protini ya kimelea chenyewe. Protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Kama mtoto ametibiwa karibuni na homa imerudi, mwambie mhudumu ili apime kwa hadubini.

*Kwa nini basi tunaambiwa tusiamini sana kipimo cha damu cha taifodi?*
Kwa sababu kipimo cha Widal hutafuta kingamwili, na kingamwili zinaweza kuwa za ugonjwa uliopita. Ni mfano mzuri wa alama kuchukuliwa kama ugonjwa wa leo.

*Mtoto wangu ana vinasaba vya selimundu, je, analindwa?*
Mwenye kurithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu ana ulinzi fulani dhidi ya malaria kali, na ulinzi huo hautokani na kingamwili. Lakini mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu wenyewe yuko hatarini zaidi. Malaria kwake ni dharura.

*Kila homa Dar es Salaam ni malaria?*
La. Katika utafiti wa watoto 1,005 wenye homa, waliopimwa mwaka 2008 Dar es Salaam na Ifakara, malaria ilikuwa kwa karibu mtoto 1 kati ya 10. Maambukizi ya njia ya hewa yalikuwa kwa zaidi ya nusu. Pima kwanza, kisha tibu.

Kabla ya safari na baada ya kurudi

Mtoto asafiri na chandarua chake chenye dawa, hata kama unajua kwa bibi kuna vyandarua. Mvalishe nguo ndefu jioni. Mweleze bibi kwamba mjukuu huyu hana kinga kama wenzake, na homa yake isisubiri hadi kesho.

Kwa miezi mitatu baada ya kurudi, kila akipata homa mpeleke akapimwe ndani ya saa 24, na umwambie mhudumu alikotoka. Mhudumu wa Dar es Salaam, aliyezoea kuona malaria chache, anaweza asiifikirie asipoambiwa. Akipewa dawa mseto ya ALu, amalize dozi zote 6 kwa siku 3, na anywe pamoja na chakula au maziwa.

Kimbilia hospitali bila kusubiri ukiona mtoto anapata degedege, hawezi kunyonya au kula, anatapika kila kitu, analegea au hazinduki, anapumua kwa shida, viganja vimepauka, au mkojo umekuwa mweusi kama kahawa. Watu husema malaria imempanda kichwani na wengine huanza na mganga au maombi. Dalili hizo zinahitaji sindano ya dawa ya malaria saa hiyohiyo.

Na kama una mtoto mdogo, hakikisha umepokea chandarua chake anapopata chanjo ya surua ya miezi 9. Mtaa wako unaweza kuwa na mbu wachache mwaka huu, lakini mwanao hana kinga ya kumlinda mvua zikileta wengi mwakani.